Boksi jipya, plastiki ya zamani: wauza modeli za ndege wanatuibia

Wakuu, hili tusilinyamazie. Boksi limeandikwa Spitfire Mk IX (toleo la tisa la ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Pili), kipimo cha 1/48 (ndogo mara 48 kuliko halisi), picha kali juu, bei ya toleo jipya. Ukitoa fremu (vijiti vya plastiki vinavyoshikilia vipande) unakuta mistari ya bodi imevimba badala ya kuchimbwa, kama modeli za zamani. Moldi, yaani umbo la kumiminia plastiki, ni ya miaka mingi iliyopita, kilichobadilishwa ni karatasi ya nje tu.

Na hata hiyo Mk IX yenyewe siyo! Ndege halisi iliingia vitani 1942 kuikabili Fw 190 ya Wajerumani: pua ndefu, propela ya mapanga 4, bomba 6 za ekzosi kila upande, rejeta mbili zinazofanana chini ya mabawa. Humu kuna mapanga 3, rejeta upande mmoja na kipoza oili chembamba upande wa pili. Hiyo ni Mk V, toleo lililotangulia. Pua huwezi kuirefusha kwa puti.

Ubaya zaidi uko kwenye mabawa. Nusu ya chini ya mabawa yote mawili ni kipande kimoja, nacho kimelala bapa. Mabawa ya Spitfire hupanda nyuzi 6, yaani kila sentimita 10 ncha inapanda takriban sentimita 1. Ukigandisha bila kujaribishia kwanza, panabaki pengo la kuingiza ukucha pale bawa linapokutana na bodi. Watu hujaza puti, wanapiga msasa, na msasa unakula ile mistari iliyovimba yote. Usifanye hivyo. Kata kijiti cha fremu, kikaze ndani ya bodi kisukume kuta mbili nje mpaka pengo lifunge, pitisha gundi nyembamba, kisha vuta tepu toka ncha ya bawa moja hadi nyingine juu ya bodi. Acha mpaka kesho yake. Panapobaki uwazi tia puti ya maji, uifute kwa pamba yenye unyevu kabla haijakauka. Msasa hauhitajiki.

Stika nazo zina njano, na ukizitia majini zinakatika vipande vipande. Pulizia karatasi nzima vanishi ya kung'aa, ikauke vizuri, ndipo ukate kila stika karibu kabisa na ukingo wake, maana utando wa vanishi umeshaungana juu ya karatasi nzima.

Maelekezo ya rangi? Kahawia na kijani. Tangu Agosti 1941 ndege za RAF (jeshi la anga la Uingereza) za kupambana angani mchana, zilizokuwa Uingereza, ziliacha kahawia: juu Ocean Grey (kijivu) na Dark Green (kijani iliyokolea), chini Medium Sea Grey (kijivu nyepesi). Anayeanza fani atapaka alichoambiwa, atoke na Mk IX yenye rangi zilizoachwa Uingereza kabla haijaingia vitani.

Tunataka mwaka wa moldi uandikwe ubavuni mwa boksi. Anayeuza ya zamani auze kwa bei ya zamani. Mwenye boksi kama hili atupie hapa picha ya fremu yenye propela, tuhesabu mapanga.