Jiko la kuni la kupasha joto sebuleni, Njombe: nichukue lipi na kuni nizipangeje?

Mwanakibena
Wakuu, poleni na baridi. Nataka jiko la kuni sebuleni kabla ya Juni. Chumba ni mita 5 kwa 4, kimo 2.6, dari ya mbao, paa la bati. Fundi wa kuchomelea ana mawili: moja la pipa la mafuta, kubwa na la bei nafuu, jingine dogo, la bamba la milimita 5, bei mara mbili. Kuni zilizopo ni miwati na paini. Nichukue lipi, na nizipangeje moshi usirudi ndani?

Fundi Bomba
Chukua dogo, mkuu. Chumba chako kina mita za ujazo 52. Kwa madirisha yetu yanayopitisha upepo, weka nguvu ya jiko kilowati 1 kwa kila mita za ujazo 10, unapata kama 5. Pipa litakufukuza sebuleni kwa joto, utalibana hewa, na moto uliobanwa ndio unaojaza lami (utomvu mweusi wa moshi, unaonata) kwenye bomba. Tena bati lake halifiki hata milimita 2, linapinda na kutoboka upesi.

Pesa weka kwenye bomba. Chuma cheusi, kipenyo sentimita 15. Lenye zinki lisikae karibu na jiko, likipata moto mkali linatoa mvuke wa sumu. Kutoka kwenye jiko hadi ncha ya juu ya bomba angalau mita 4.5, na lipite mgongo wa paa kwa sentimita 60. Kona ikilazimu, weka mbili za nyuzi 45, si moja ya 90.

Angalia hili fundi akiwa bado yupo: ncha nyembamba ya kila kipande itazame chini na iingie ndani ya kipande cha chini yake. Wengi wanageuza wakiogopa moshi kuvuja. Bomba likivuta vizuri moshi hautoki. Kinachoshuka ni lami, na ncha zikigeuzwa itachuruzika kwa nje mpaka sakafuni.

Darini ndiko nyumba zinakoungulia. Bomba lisilovalishwa kitu likae sentimita 45 kutoka kwenye mbao yoyote. Linapopenya dari, livalishe bomba la sentimita 25, katikati ujaze sufi ya mawe (nyuzi za mawe zisizoungua), na hata hapo mbao na kenchi zisiliguse.

mama_kuni
Nakubali, ila kwa kuni mbichi hata jiko zuri litakutoa machozi. Kuni mbichi karibu nusu ya uzito wake ni maji. Zifike chini ya asilimia 20. Ukipasua sasa mvua hazijaisha, Juni bado zitatoa povu kwenye ncha. Nunua zilizopasuliwa kiangazi kilichopita. Usiamini nyufa za nje: pasua kipande kimoja, weka upande mpya shavuni. Ukisikia ubaridi wa maji, rudisha.

Paini usiidharau. Ikikauka ni nzuri ya kuwashia, mwati ndio unaoshika moto muda mrefu.

Kupanga: magogo mawili ya mwati chini, yaachane kidogo, juu yake vipande vyembamba vya paini kwa kupishana, juu kabisa vijiti. Washia juu. Gesi ya magogo ikipanda inakutana na mwali na kuungua, na bomba linapata joto mapema likaanza kuvuta. Ukiwashia chini, moshi unapanda kwenye bomba baridi, unakurudia.

Mwanakibena
Asanteni. Usiku naweza kulijaza na kufunga hewa liwake hadi asubuhi?

Fundi Bomba
Usifanye hivyo. Kuni zikifuka bila mwali zinatoa lami, na hewa ya sumu isiyo na harufu inaweza kurudi ndani mmelala. Subiri mwali uishe yabaki makaa mekundu, yavute mbele karibu na tundu la hewa, weka magogo mawili, fungua hewa yote mpaka yashike, ndipo upunguze. Jiko la kilowati 5 linakula kama kilo moja na nusu kwa saa, usiliwekee zaidi.

mama_kuni
Nyongeza: majivu bakiza sentimita 2 chini, makaa yanakaa vizuri. Yanayotoka yaende kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko, nje, mbali na ukuta wa mbao. Hata kesho yake huwa yana moto ndani.