Kumpandisha mama meli Galveston, siku nne: nianzie wapi?

Baba Pacha, Katy (kwa sasa Kisumu)

Hamjambo wenzangu. Niko nyumbani Kisumu, nimekuja kumchukua mama akae nasi miezi mitatu. Jana jioni tulikuwa Dunga tunakula samaki, nikamwambia kwamba Februari tutapanda meli ya watalii pale bandari ya Galveston, Texas, twende hadi Cozumel, Meksiko, na kurudi. Akaacha mfupa mdomoni. "Meli kama ile ya Bukoba?" Tangu MV Bukoba izame Ziwa Victoria mwaka wa 1996 mama hana imani na chombo chochote kisichogusa ardhi. Hata feri ya Mbita huivuka akiwa ameshika rozari.

Bei niliyoona ni dola 289 kwa mtu. Mimi nina grinikadi (kadi ya ukaazi wa kudumu), mke wangu ni raia, pacha wamezaliwa Houston na wana miaka sita, mama ana viza ya matembezi. Shemeji wa Nakuru aliye Dallas kwa viza ya kazi ya H-1B naye amesema haachwi. Nilitaka nilipe leo usiku kabla bei haijaruka. Kuna jambo la kujua?

Dada wa Kondele, Pearland

Kaka, rudisha kadi mfukoni. Pasipoti zote ziwe mezani kwanza, kwa sababu kwenu kila mtu ana karatasi yake.

Watoto ndio wepesi. Meli ikitoka Galveston na kurudi hapohapo Galveston, mtoto raia wa chini ya miaka 16 anaruhusiwa kwa cheti cha kuzaliwa. Mkeo pia anaweza kwenda na cheti pamoja na kitambulisho chenye picha, lakini ningekuwa yeye ningebeba pasipoti: ukiugua ukashushwa Cozumel, cheti cha kuzaliwa hakikupandishi ndege ya kurudi. Wewe beba grinikadi na pasipoti ya Kenya iliyo hai, tena hesabu miezi iliyobaki. Kuibadilisha ni lazima ufike mwenyewe, ubalozi wa Kenya hauchukui alama za vidole kwa posta.

Mama: fungua ukurasa wa viza, tafuta palipoandikwa Entries. Ukiona M, anatoka na kurudi. Ukiona 1, ataimaliza siku ile ile atakaposhuka ndegeni Houston, na habari za meli ziishie hapo. Meksiko yenyewe haimdai viza Mkenya mwenye viza hai ya Marekani au grinikadi.

Anayenitia wasiwasi ni shemeji. Mwulize kama viza iliyobandikwa kwenye pasipoti bado iko hai. Si karatasi ya kuongezewa muda wa kazi, nasema viza yenyewe. Wengi wetu wa H-1B huongezewa muda tukiwa humu humu Marekani, viza inakufa kimya kimya na hakuna anayeiangalia kwa sababu hatusafiri. Mume wangu alikuwa hivyo. Alikuwa amesoma mahali kwamba ukienda Meksiko kwa siku zisizozidi 30 Marekani hukuruhusu kurudi na viza iliyokwisha. Ni kweli. Ila Meksiko ndiyo inayotaka viza hai ya Marekani ili ikuingize bila viza ya Meksiko! Alikuwa na ufunguo wa kurudi, wa kwenda hakuwa nao. Tulizuiwa pale bandarini, mabegi yameshavishwa vibandiko, watoto wamevaa kofia za ufukweni. Pesa haikurudi, na hatukuwa na wa kumlaumu. Na asikimbilie meli ya Bahama, huko hiyo nafuu ya siku 30 haimfikii mtu wa H-1B.

Mzee wa Nakuru, Arlington

Dada amesema vyema. Mimi naongeza la mfuko tu.

Hiyo 289 ni ya chumba cha ndani kisicho na dirisha, tena wamehesabu watu wawili chumbani. Angalia kama ushuru na ada za bandari vimo, halafu ongeza bakshishi ya wahudumu, kama dola 17 kwa kila mtu kwa kila siku, mtoto kwa mkubwa. Bila shemeji mko watano: hizo ni dola 340, na soda hujanunua. Chakula cha ukumbini, maji na kahawa ya kawaida vimo kwenye nauli.

Bima ya safari usiiruke kwa ajili ya mama. Daktari wa meli analipwa kama daktari wa Marekani. Simu zote ziwekwe hali ya ndegeni kabla ya kung'oa nanga, la sivyo zitashika mtandao wa meli na bili itakupata Katy.

Februari ukungu hufunga bandari ya Galveston. Meli inaweza kukaa nje ya lango saa nyingi ikingoja, kwa hivyo siku ya kurudi usijipangie kazi.

Hofu ya mama: mchukulie chumba cha katikati ya meli, sakafu za chini, hapo mtikisiko ni mdogo. Na mweleze kwamba kabla ya kuondoka kila abiria lazima afike kituo chake cha kujiokoa, aonyeshwe namna ya kuvaa boya. Hakuna anayesamehewa, hata awe nyanya ya nani. Bukoba ilijazwa watu kupita kiasi. Hapa kila kichwa kinahesabiwa kwa kadi, kuingia na kutoka.

Baba Pacha

Asanteni sana. Ya mama ni M, nimeangalia mara tatu. Nimempigia shemeji, akaenda kutafuta pasipoti, akakaa kimya, kisha akaniuliza kama Galveston kwenyewe kuna hoteli nzuri za ufukweni. Sikumwuliza zaidi.

Mama amesikiliza habari za boya, akasema atafikiri. Leo asubuhi nimemkuta anakaanga omena wa safari. Melini wanaruhusu?

Dada wa Kondele

Chakula kilichopikwa nyumbani hawapitishi, kaka. Mwache akaange, mtakula omena wake Katy.