Mnara umefungwa vifaa vipya, runinga yangu ya bure imekufa. Nani analipa?

DadaWaBuhongwa:
Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, na mwenye haraka ya kuniambia "nunua dishi" asome kwanza hadi mwisho.

Nina saluni hapa Buhongwa, Mwanza. Chumba kimoja, viti vitatu, runinga ukutani. Ile runinga si pambo. Mteja wa rasta anakaa muda wa saa tano, wakati mwingine sita, na asipokuwa na tamthilia ya kumshika anaanza kuniuliza kila dakika tumebakiza mistari mingapi. Kifurushi sijawahi kulipia. Tangu mitambo ya analojia ilipozimwa Mwanza mwaka 2013 nilinunua king'amuzi cha antena, nikawa naangalia chaneli za bure na taarifa ya habari ya saa mbili, maisha yakaendelea.

Mita kama sitini kutoka hapa kuna mnara wa simu. Upo miaka, hatujawahi kugombana. Wiki tatu zilizopita walikuja vijana, wakapanda siku mbili, wakafunga antena nyingine ndefu juu kabisa. Siku ya tatu picha ikaanza kuganda. Mtu anafungua mdomo kusoma habari, unabaki hivyo hivyo, sauti inakwaruza, halafu kioo cheusi.

Fundi wa kwanza akasema mawimbi yamepungua, akaniuzia busta 35,000 na ufundi 10,000. Ikawa mbaya zaidi, hata chaneli zilizokuwa zinajikongoja zikazima. Wa pili akasema antena imezeeka, 25,000 nyingine. Hakuna kilichobadilika. Jumla 70,000.

Nikapiga huduma kwa wateja. Binti akaniuliza laini yangu ina tatizo gani. Nikamwambia laini haina tatizo, tena intaneti siku hizi inakimbia, tatizo ni runinga. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba runinga si huduma yao.

Mzee mwenye kiwanja anapokea kodi ya mnara. Kampuni inauza bando. Mimi ndiye ninayelipa mafundi. Hii imekaaje wakuu? Naanzia wapi, na nani analipa?

SatoMbichi:
Ngoja waje wataalamu. Nimekaa pale juu ya jiwe la Bismarck nawasubiri.

Mjukuu wa Mwanamalundi:
Dada nunua dishi tu, uachane nao.

DadaWaBuhongwa:
@Mjukuu wa Mwanamalundi nilijua utakuja.

FundiMawimbi:
Pole dada. Fundi wa kwanza hakukuibia, alikosea kusoma ugonjwa. Ila dawa yake ndiyo iliyokumaliza.

Busta haina akili. Inakuza kila kinachopita kwenye waya, cha runinga na cha mnara. Ukiwa mita sitini, cha mnara kinaingia kikipiga kelele, busta inalewa, na ikishalewa haipitishi kitu kikiwa safi. Ndiyo maana baada ya kuifunga ulipoteza na zile zilizobaki.

Kwa nini sasa, wakati mnara ni wa siku nyingi? Simu za zamani zilikuwa zinarusha mbali na runinga, kwenye masafa (njia za mawimbi hewani) ya megahezi 900, 1800 na kuendelea. Runinga yetu ya antena inakaa kati ya megahezi 470 na 694. Zamani ilifika hadi 862, lakini mikutano ya dunia ya masafa, ule wa 2007 na baadaye wa 2015, ikamega sehemu ya juu ikawapa watu wa simu: kwanza 800, kisha 700. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilipiga mnada 700 mwaka 2018. Kwa hiyo simu na runinga sasa wamepanga nyumba moja, ukuta ni mmoja. Tatizo ni kwamba antena na busta nyingi madukani bado ni za kupokea hadi 862. Yaani unasikiliza hadi chumbani kwa jirani.

Na kuna kitu wengi hawakijui. Kwenye 700, kinachorusha karibu zaidi na runinga si mnara, ni simu ya mkononi: simu inarusha 703 hadi 748, mnara unaanzia 758 kwenda juu. Kwenye 800 imegeuzwa, mnara 791 hadi 821, simu 832 hadi 862. Kwa hiyo kama antena yako ni ya ndani, juu ya kioo, na chini yake wamekaa wateja watatu wanaperuzi, usimlaumu mzee wa kiwanja peke yake.

Kabla hujatoa hata mia nyingine, chomoa busta. Usiizime tu, ichomoe kabisa, waya wa antena uende moja kwa moja kwenye king'amuzi. Kisha fungua menyu ya mawimbi. Utaona mistari miwili, nguvu na ubora. Nguvu ikiwa juu na ubora unayumba, hiyo ni kelele. Nguvu ikiwa chini kabisa, mnara huenda hauhusiki, kagua waya, kagua maji kwenye viunganishi, angalia kama kuna ghorofa jipya limesimama mbele yako. Nimeshapanda bati la mtu Nyegezi anaulaani mnara, nikakuta panya ametafuna waya.

Halafu andika chaneli zinazokufa na masafa yake. Zikitangulia kufa za namba kubwa, zile zinazokaribia 694, umepata ushahidi.

Tiba yenyewe ni filta ya 4G. Kidude cha urefu wa kidole, hakitumii umeme, kinapitisha chini ya 694 na kuziba juu yake. Kikae kabla ya busta, upande wa antena. Ukikiweka baada ya busta umefunga mlango mwizi akiwa ndani.

SatoMbichi:
Hapo kwa panya nimecheka hadi nimeanguka jiweni.

WakiliWaKona:
Dada, simu ya huduma kwa wateja ni kutwanga maji kwenye kinu. Kwanza hujui uliyempigia ndiye mwenyewe. Minara mingi ni ya kampuni za minara, zenyewe zinawapangisha mitandao miwili au mitatu. Nenda kwenye uzio, kuna kibao chenye namba ya kituo na namba ya simu. Piga picha. Uliza ni mtandao gani umeongeza vifaa tarehe hizo.

Kisha andika barua. Usiandike "kero ya mtandao", utapangwa foleni moja na wanaolalamikia bando kuisha. Andika "muingiliano wa masafa kwenye mapokezi ya runinga". Weka tarehe vijana walipopanda, tarehe picha ilipoanza kuganda, chaneli zilizoathirika, na majirani wenye shida hiyo hiyo. Nakala igongwe muhuri wa kupokelewa. Wasipokujibu au wakikujibu ovyo, unaipeleka TCRA, ofisi ya Kanda ya Ziwa iko hapa hapa Mwanza. Kuna pia Baraza la Ushauri la Watumiaji, TCRA CCC, kazi yao ni kusimama upande wa mtumiaji kama wewe.

Sasa nani analipa. Hapa tusidanganyane. Kampuni ikiwa inarusha ndani ya masafa na nguvu ilizopewa kwenye leseni, itakwambia mwenye kosa ni busta yako inayopokea kila kitu, na hoja hiyo ina miguu. Ikiwa inamwaga nje ya mipaka yake, mzigo ni wake. Kati ya hayo mawili huwezi kuamua wewe wala mimi kwa kuangalia kioo kilichoganda. Wanaopima ni TCRA, ndio wenye vifaa na mamlaka.

IgogoKwetu:
Si kuna ule Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote? Uwalipe hawa.

WakiliWaKona:
@IgogoKwetu UCSAF ni wa kupeleka mawasiliano kule ambako kampuni hazioni faida, vijijini huko. Buhongwa faida wanaiona vizuri tu.

MbebaBoksi:
Niko Uingereza, niongeze kidogo. Huku 4G ya 800 ilipokuja mwaka 2013 serikali iliona mapema kwamba runinga za antena zitaumia. Kampuni zilizoshinda masafa zikabebeshwa gharama, pauni milioni 180, na kikaundwa chombo kinaitwa at800. Mtu mwenye antena akiwa jirani na mnara alikuwa anatumiwa barua, kisha filta kwa posta bila kulipa. Wazee wa zaidi ya miaka 75 na wenye ulemavu walifungiwa na fundi nyumbani. Filta ikishindwa kabisa, unahamishiwa njia nyingine ya kupata chaneli, na bili si yako.

Makadirio ya mwanzo yalikuwa yanatisha, hadi kaya milioni 2.3. Walioumia kweli walikuwa wachache mno kuliko hapo. Kwa hiyo kampuni hazikufilisika.

IgogoKwetu:
Mkuu hayo ya kwa Malkia tuachie. Hapa filta utaletewa na nani, bodaboda?

MbebaBoksi:
Sasa ni Mfalme. Na hoja yangu si posta. Gharama iliwekwa mezani kabla masafa hayajaanza kutumika. Ukishagawa masafa ndipo uanze kutafuta wa kulipa, kila mtu anaangalia pembeni.

FundiMawimbi:
@MbebaBoksi naunga mkono, na niseme jambo moja kwa mafundi wenzangu: filta ni ya bei ndogo kuliko busta. Tunauza busta kwa sababu mteja anaona taa inawaka anaridhika. Filta haina taa.

DadaWaBuhongwa:
MREJESHO. Nimechomoa busta. Karibu nusu ya chaneli zimerudi! Zilizobaki nguvu imejaa, ubora unaruka kama furu kwenye ndoo. Na kweli ni zile za namba kubwa. Jaribio la kuwaambia wateja wazime data halikuwezekana, mmoja nusura aondoke na nywele nusu. Ila antena yangu iko nje juu ya bati, kwa hiyo nadhani simu zao zimesalimika. Barua naandika kesho. Bibi wa jirani naye anaganda, mwenye duka la nafaka naye anaganda, nimewaweka wote.

WakiliWaKona:
Safi. Wakija, usisaini karatasi ya "tatizo limekwisha" kabla hujaangalia taarifa ya habari mwanzo hadi mwisho. Usiku mnara una kazi nyingi kuliko saa nne asubuhi.

SatoMbichi:
Siku ya ngapi leo? Jiwe limeshapata moto.

DadaWaBuhongwa:
MREJESHO WA PILI. Samahanini, msimu wa harusi, nimesuka hadi vidole vimekufa ganzi.

Barua ya kwanza walikaa nayo kimya. Nikaandika ya pili, nikaonyesha chini kwamba nakala inakwenda TCRA Kanda ya Ziwa, na kweli nikaipeleka. Siku ya nne baada ya hapo wakaja vijana wawili na gari. Wakapima, wakaongea wenyewe kwa wenyewe, mmoja akasema mtambo wao uko sawa, hawakubali kosa, lakini "kwa ujirani mwema" wamekuja na filta tatu. Yangu, ya bibi, ya duka la nafaka. Wakafunga yangu upande wa antena kama FundiMawimbi alivyosema, bila busta.

Picha kama maji ya kisiwa cha Saa Nane!

Saa kumi na nusu wakatoa karatasi nisaini. Nikawaambia hapana, wanangu, mpaka habari ziishe. Mmoja akanuna, mwingine nikamtengeneza nywele bure. Walikaa hadi saa tatu kasoro. Haijaganda hata mara moja. Nikasaini kwamba filta imefungwa na inafanya kazi. Ile ya "sina madai mengine" nikaikata kwa kalamu mbele yao.

70,000 yangu je? Niliwauliza. Wakaniuliza risiti.

WakiliWaKona:
Na mafundi hawakukupa risiti.

DadaWaBuhongwa:
Hawakunipa, na mimi sikudai.

WakiliWaKona:
Basi ya kampuni hapo ni ngumu. Ya busta jaribu kwa fundi mwenyewe, mrudishie kifaa chake kikiwa kizima, umwambie kwa ustaarabu kwamba hakikuhitajika.

DadaWaBuhongwa:
Nilishaenda. Amehamia Geita.

Mjukuu wa Mwanamalundi:
Dishi lisingekusumbua hivi.

Ng'wana Kisesa:
Dada, hiyo busta unaiuza? Sisi huku ndani ndani ya Kisesa mnara uko mbali, chaneli zinakuja kama zinaomba ruhusa.

FundiMawimbi:
@Ng'wana Kisesa kwako ndiko mahali pake. Angalia kwanza mstari wa nguvu, ukiwa chini chukua.

DadaWaBuhongwa:
Kwako 20,000, njoo saluni. Wabeja sana wote. Na wewe wa Kisesa nitakuandikia risiti.