Mjadala: Je, kila kosa la tahajia katika daftari la darasa la kwanza lisahihishwe?

Mleta mada (mzazi, Moshi)

Ndugu zangu, katika kikao cha wazazi cha shule moja ya hapa Moshi yalizuka mabishano ambayo hayakuisha. Baadhi ya wazazi walilalamika kwamba madaftari ya watoto wa darasa la kwanza yamejaa wino mwekundu kiasi kwamba mtoto akifika nyumbani hataki hata kulifungua daftari lake. Wengine wakajibu kwamba samaki mkunje angali mbichi. Kwa maoni yangu, mwalimu asisahihishe kila kosa, bali achague aina moja ya kosa kwa kipindi fulani, na aanze na sikio kabla ya kalamu.

Kiswahili kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Irabu zake ni tano tu, na mtoto aliyeshika ba, be, bi, bo, bu ataandika "babu" na "bibi" bila kukariri. Mtoto wa Uingereza hana nafuu hiyo, kwa kuwa maneno kama "cough" na "though" yanafanana kwa macho na kuachana kwa sauti. Kwa hiyo makosa mengi ya watoto wetu ni ya aina chache zinazojulikana. Yupo anayeandika "karamu" akikusudia kalamu, kwa sababu ndivyo anavyosikia nyumbani. Yupo anayeandika "samani" akikusudia thamani, kwani sauti ya th imeingia kwa sehemu kubwa na maneno ya Kiarabu, na lugha nyingi za nyumbani hazina sauti hiyo. Ukimzungushia neno hilo wino mwekundu hujamfundisha lolote, maana ameandika kwa uaminifu kile alichosikia. Mtamkishe kwanza: ncha ya ulimi iguse katikati ya meno kwenye th, irudi ndani kwenye s, ausikie utofauti, ndipo aandike.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Arusha

Kuhusu sikio ninakubaliana na mleta mada, lakini ameliruka kosa linalonisumbua kuliko yote, nalo ni kukata neno moja vipande. Tunafundisha kwa silabi, mtoto anazoea kupiga makofi a-na-ku-la, kisha anaandika "ana kula" na "nime maliza". Hapa sikio halisaidii, kwa sababu matamshi ni yaleyale. Kulinyamazia kosa hili ni kulipalilia. Tazameni mabango ya maduka yaliyoandikwa "tuna uza". Mimi hutoa imla ya sentensi mbili tatu fupi, tunaisahihisha pamoja ubaoni, kila mtoto anapitisha kidole chini ya neno zima bila kukiinua, halafu anaandika upya sentensi yote badala ya neno lililokosewa peke yake.

Tena wazazi tusidanganyane: daftari likirudi na kosa lisiloguswa, ni ninyi mnaokuja ofisini kuuliza kama mwalimu yupo kazini.

Mleta mada

Ahsante, mwalimu. Basi kosa hilo na lipewe muhula wake wa kwanza. Hata hivyo mtaala wa 2015 wa darasa la kwanza na la pili uliweka mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na kuandika ni zaidi ya tahajia. Mtoto akishajua kwamba kila kosa litazungushiwa, ataandika yale tu aliyo na hakika nayo, "baba ana kofia" hadi mwaka unaisha, wala hatathubutu kusimulia jinsi ng'ombe wa jirani alivyoingia shambani, kwa kuhofia ng' na sh. Napendekeza madaftari mawili: la imla, lisahihishwe lote, na la masimulizi, lisahihishwe aina moja ya kosa iliyoandikwa kwenye jalada ili mzazi asije ofisini kulalamika.

Mzazi mwingine, Arusha

Shule ya msingi ya serikali haina ada, ila madaftari tunanunua wenyewe, na wapo wenye watoto watatu darasani. Daftari moja linatosha: imla ianzie mbele, masimulizi yaanzie nyuma.

Mwalimu wa darasa la kwanza, Arusha

Hilo naweza kulianza Jumatatu.