Naomba ushauri: soya ya vifaranga na vizuizi vya tripsini

Assalaam aleikum ndugu zangu. Ninafuga kuku wa nyama hapa Kisauni, Mombasa, na tangu nianze kuwachanganyia chakula kwa soya ninayoikaanga mwenyewe, vifaranga wamedumaa na kinyesi chao kimekuwa chepesi. Nilipomchinja mmoja niliona kongosho lake, kile kinyama cha rangi ya waridi kinachopakatwa na utumbo, limevimba kupita kawaida.

Ninavyofahamu, soya mbichi ina protini zinazoizuia tripsini, kimeng'enya cha kumeng'enya protini utumboni, hata kongosho likalazimika kutengeneza nyingine kila mara; kizuizi alichokitenga mwanasayansi Kunitz mwaka 1945 huharibiwa na moto kwa urahisi, lakini kile kiitwacho Bowman-Birk, kilicho kidogo na kilichokazwa kwa vifungo saba vya salfa, hustahimili joto zaidi.

Kinachonitia wasiwasi ni kwamba soya ikiungua, lisini, sehemu ya protini ambayo vifaranga wanaihitaji ili wakue, nayo hupotea. Je, niiloweke usiku kucha kisha niichemshe badala ya kuikaanga, na kwa dakika ngapi? Yupo aliyewahi kutumia kipimo cha urea, kwa kuwa yureazi, kimeng'enya cha soya kinachoivunja urea, huharibika kwa joto sambamba na vizuizi hivyo? Ninao vifaranga 200 bandani, na ningependa sana kuwaokoa.