Mrejesho: Mzee anayeshinda kitini na kukataa mazoezi

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza namna ya kumwinua mzee wa miaka 78 anayeshinda ameketi. Kilichofanya kazi ni kuacha kabisa neno "mazoezi" na kumpa kazi ambayo asipoifanya pengo litaonekana. Miche ya mboga sasa ni yake.

Vyombo vikae juu ya meza ya kimo cha kiuno, asilazimike kuinama. Mbegu ziwe kubwa kama maharage. Zile ndogo huponyoka kwenye vidole vilivyokakamaa, naye hukata tamaa. Kopo la kumwagilia lisizidi lita moja.

Kuinuka kwenda kumwagilia ndilo zoezi lenyewe. Kiti kiegemee ukuta. Asogee ukingoni, nyayo zirudi nyuma kidogo ya magoti, kifua kiiname mbele, ndipo asukume kwa miguu. Mara 5, apumzike, mara 5 tena. Msimvute mikono jamani! Bega huumia, na miguu haipati nguvu.

Kuhusu kizunguzungu: presha huweza kushuka mtu akisimama ghafla, hasa akiwa anatumia dawa za presha. Akae ukingoni mwa kitanda dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo ainuke. Kikijirudia, daktari azipitie dawa zake.

Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya nguvu na ya kujisawazisha angalau siku 3 kwa wiki. Kumwagilia ni kila siku.