Kila pikapu ikivuma ni "difu imekufa"? Hii tabia imezidi

Wakuu, mwenye pikapu ya miaka 20 akisema tu "inavuma nikifika 60", jibu limeshatoka hata injini haijapoa: difu (lile boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) imekufa, tafuta nyingine. Inashushwa, inafungwa ya mtumba, gari inarudi barabarani na mvumo ni uleule. Na hakuna aliyeuliza: ukiachia mafuta, sauti inabadilika?

Swali hilo halihitaji hata spana. Fika mwendo inaovumia, kanyaga mafuta, achia, kisha shikilia mwendo huohuo. Ikilia unapokanyaga na kunyamaza unapoachia, au kinyume chake, shuku pinyoni na kraunwili, zile gia mbili za ndani ya difu, ndogo na kubwa. Isipobadilika, yumbisha usukani taratibu huku na huku. Ukikata kushoto uzito unahamia kulia. Sauti ikipanda hapo, mara nyingi ni beringi ya gurudumu la kulia. Ikibadilika kwa kutoka lami mbovu kwenda lami laini, ni matairi. Ndiyo, matairi! Difu nzima zinatupwa kwa sababu ya tairi lililolika mabonde.

Gia boksi nayo inajieleza gari likiwa limesimama, nyutro, injini inawaka. Kelele ikikata unapokanyaga klachi, angalia beringi ya shafti inayoingia gia boksi. Ikianza unapokanyaga, ni rilizi beringi, ile inayosukuma klachi. Dakika moja tu.

Sasa ile "ko!" ya kutoka rivasi kwenda gia ya 1, na ile kwi-kwi-kwi ya mwendo wa polepole: shuku krosi, kiungo cha propela shafti (ile shafti ndefu ya kutoka gia boksi kwenda difu). Weka vigingi kwenye magurudumu, gia nyutro, hendibreki chini ili propela shafti isibanwe. Shika shafti mkono mmoja, foki (ile pembe ya chuma inayoshika krosi) mkono wa pili, zungusha kinyume. Krosi ikicheza hata kidogo, imekwisha. Vumbi jekundu la kutu kwenye vikombe vyake maana yake sindano za ndani, yaani vile vyuma vyembamba vya beringi, zimekauka grisi. Na kwi-kwi ikienda haraka kuliko gurudumu usishangae: difu ya 4.1 inazungusha shafti mara nne na ushee kwa kila mzunguko wa gurudumu.

Krosi yenye nipo (kichuchu cha kuingizia grisi) ipigwe grisi mpaka mpya itokeze kwenye vikombe vyote vinne. Kimoja kikikataa, badilisha. Kabla ya kufungua shafti weka alama ya rangi kwenye flanji na kwenye ile sehemu inayoteleza. Ukiirudisha meno yamehama, foki hazilingani tena, gari linatetemeka, halafu lawama anabebeshwa senta beringi, ile inayoshikilia shafti katikati.

Oili ya difu: fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo la kumwagia. La kujazia likigoma wakati umeshamwaga, umejifunga mwenyewe. Uji mweusi laini kwenye sumaku ni kawaida. Vipande vinavyokwaruza ukucha si kawaida. Jaza hadi mdomo wa chini wa tundu.

Lakini dhambi kubwa kuliko zote ni nati ya pinyoni. Sili, ile pete ya kuzuia oili, inavuja, mtu anabadilisha sili, anaikaza nati kwa bunduki ya upepo mpaka igome. Difu nyingi zina bushi ya kubonyea pale ndani, inayoshikilia mkazo wa beringi. Ikibonyea kupita kiasi beringi zinabanwa, zinachemka, na difu iliyokuwa kimya inaanza kuvuma. Kuilegeza nati hakusaidii, bushi ikishabonyea hairudi. Inawekwa mpya na mkazo unapimwa upya. Alama ya patasi kwenye nati na shafti, kuhesabu mizunguko wakati wa kufungua, na kurudisha palepale: hilo tu lingeokoa difu ngapi?

Anayeleta tatizo hapa aandike mwendo, gia, anakanyaga au anaachia, na kona ya upande gani. Na anayejibu asome hayo kwanza kabla ya kumtuma mtu akanunue difu.